Kunyoosha Meno: Kwa Nini Waya Mdogo Hugharimu Mali Nyingi?

Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo limewafanya wazazi wengi watoke kwa daktari wa meno wakitikisa vichwa. Ni bei ya kunyoosha meno kwa zile nyaya ambazo vijana wetu huziita bresi.

Likizo iliyopita nilikuwa Garsen, katika kaunti ya Tana River, kumtembelea kaka yangu, mtoto wa mjomba. Yeye ni mkulima wa maembe na mpunga kando ya Mto Tana. Ana binti wa miaka 13, mtoto mtiifu na hodari wa masomo, lakini sikukaa muda kabla ya kugundua kwamba kila anapocheka hufunika mdomo kwa kiganja. Meno yake ya juu ya mbele yamechomoza, hata midomo haifungiki mpaka ailazimishe. Mwaka jana aliteleza akitoka kuteka maji, akaanguka kifudifudi, na jino moja likavunjika ncha.

Baba yake alikuwa amempeleka Mombasa akaonwe na daktari bingwa, naye alirudi na karatasi yenye bei iliyopita laki mbili. Jioni ile, tukiwa tumeketi chini ya mwembe, aliitoa karatasi hiyo mfukoni, akaikunjua polepole na kuniuliza:

"Dada, wewe ni mtu wa magazeti, unajua mengi. Waya wenyewe haupiti urefu wa kidole. Fundi wa baiskeli hapa sokoni angenikatia kwa shilingi ishirini. Hizo nyingine zote ni za nini?"

Jirani yake, mzee mmoja Muorma aliyekuwa amekuja kunywa chai, alicheka akasema, "Kwa hesabu yetu sisi wafugaji, huyo si ng'ombe tena. Hilo ni zizi."

Tulicheka sote, lakini binti hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Sikuwa na jibu la kumpa kaka, nikamwahidi kwamba nikirudi mjini nitauliza na kusoma, kisha nimweleze. Ahadi ni deni, na leo nalilipa mbele yako msomaji, kwa kuwa najua swali lake ndilo swali la wazazi wengi.

Hulipii chuma

Jambo la kwanza ni kwamba kaka alikuwa na haki kuhusu waya. Chuma chenyewe si kitu. Hapo zamani ilikuwa tofauti. Edward Angle, Mmarekani aliyefungua shule ya kwanza ya kufundisha kazi hii huko St. Louis mwaka 1900, pamoja na madaktari wa wakati wake, walitumia dhahabu. Baadaye, katikati ya karne ya 20, chuma kisichoshika kutu kilichukua nafasi ya dhahabu. Katika miaka ya 1970 ukaingia waya wa nikeli na titani, aina ya madini iliyogunduliwa katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Waya huu una ajabu yake: ukiukunja hukumbuka umbo lake la kwanza na kujaribu kulirudia, na katika kulirudia huvuta meno taratibu.

Kwa hiyo chuma kimeendelea kuwa rahisi kuliko enzi ya dhahabu, lakini bei ya matibabu bado iko juu. Yaani kinacholipiwa ni kitu kingine, na kitu hicho ni muda.

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi laini sana zilizo baina ya mzizi wake na mfupa. Ukilisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma, mwili huanza kazi ya ajabu. Upande ule jino linakoelekea, chembechembe fulani hula mfupa na kufungua njia. Upande linakotoka, chembechembe nyingine hujenga mfupa mpya na kuziba nafasi. Jino husafiri ndani ya mfupa hai, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa mwezi.

Mwendo huo hauharakishwi kwa kukaza waya zaidi. Nguvu ikizidi, jino huuma, husimama lisiende popote, na mzizi wake unaweza kulika ukawa mfupi. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi 18 hadi 24, na wengine hupita hapo. Katika muda huo mgonjwa huonwa kila baada ya majuma manne hadi manane. Kila safari daktari hutazama meno yamefika wapi, hubadili waya, hukaza hapa na kulegeza pale. Hesabu mwenyewe: huweza kufika mara 20. Unapoona laki mbili katika karatasi, usidhani ni malipo ya siku moja. Ni mkono na jicho la mtu mmoja kwa miaka miwili.

Mtu mwenyewe hupatikana kwa shida

Daktari wa meno wa kawaida husoma chuo kikuu miaka mitano baada ya shule ya upili, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Anayetaka kuwa bingwa wa kunyoosha meno hurudi darasani kwa miaka mingine ipatayo mitatu. Nchini mwetu Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, lakini mpaka leo mabingwa wa tawi hili ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Bidhaa ikiwa adimu, bei hupanda. Hilo hata wauza maembe wa Garsen wanalijua.

Kabla ya waya kuwekwa kuna kazi nyingine ambayo mzazi haioni. Kinywa hupigwa picha za eksirei, ya meno yote na ya kichwa kwa upande. Mfano wa meno hutengenezwa ili daktari apime nafasi iliyopo na inayohitajika, aamue kama kuna jino la kung'olewa au la. Kosa likifanyika hapo, mtoto atalibeba usoni maisha yake yote.

Halafu kuna vifaa. Vile vishikizo vidogo vinavyogandishwa juu ya kila jino, gundi yake, nyaya na koleo, karibu vyote huagizwa kutoka ng'ambo na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, kisha kufikia katikati ya mwaka huo ikashuka hadi karibu 130. Daktari aliyeagiza vifaa dola ilipokuwa juu hakuweza kuviuza kwa bei ya dola iliposhuka. Ongeza kodi ya chumba mjini, umeme, mishahara ya wasaidizi, na mitambo ya kuchemsha vifaa ili ugonjwa wa mtu mmoja usiende kwa mwingine.

Jambo la mwisho ni bima. Bima nyingi za afya huihesabu kazi hii kuwa ya urembo, hivyo mzigo wote humwangukia mzazi.

Barabara nayo inadai

Mpaka hapa nimeeleza gharama ambayo mtu wa Nyali na mtu wa Garsen huilipa sawasawa. Lakini mtu wa Garsen ana gharama ya pili, ambayo haikuandikwa katika karatasi ya kaka.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni kilomita zipatazo 110. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni nyingine 120 hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 460. Zidisha kwa safari 20, utapata kilomita 9,200. Huo ni mwendo unaokaribia ule wa barabara kutoka Cairo hadi Cape Town! Na mtoto wa miaka 13 hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Kuna chakula cha njiani, pengine na mahali pa kulala, na siku mbili za masomo zinazopotea kila mara. Mkulima naye huacha shamba, na ikiwa ni msimu wa maembe, tumbili na madalali hawamsubiri arudi.

Fauka ya hayo kuna mto wenyewe. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, na unapofura hauombi ruhusa. Wakazi wa huko hawajasahau mvua za El Nino za 1997 na 1998, na mwishoni mwa 2023 maji yalifurika tena, watu wakahama makwao. Mwezi kama huo, mtoto mwenye nyaya kinywani hawezi kufika kwa daktari. Waya uliochomoka hubaki ukimchoma shavu, na meno yaliyokuwa yakienda upande mmoja hubaki njiani.

Hatari ya kuacha katikati

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Mzazi mwenye karatasi ya bei mkononi inampasa ajiulize kwanza, "Je, tutaweza kumaliza?" Hilo ni kubwa kuliko swali la ughali.

Wako wazazi wanaouza mali, wakalipa kishindo cha kwanza, nyaya zikawekwa, kisha fedha zikakatika mwezi wa sita. Mtoto hubaki na chuma kinywani bila ya mtu wa kukiangalia. Chakula hukwama katika vishikizo, ufizi huvimba na kutoka damu, na meno hupata madoa meupe ambayo ni mwanzo wa kuoza. Mtoto kama huyo huwa na hali mbaya kuliko angeachwa alivyo.

Hata anayemaliza hajamaliza. Siku nyaya zinapotolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka, kama mbuzi anayerudia zizi lake la zamani. Lazima mtoto avae kishikilia meno, kifaa cha kuyazuia mahali pake mapya, kwa miaka kadhaa, aghalabu wakati wa kulala. Kifaa hicho nacho kina bei yake. Kikipotea au kuvunjika, hununuliwa kingine.

Vijana nao wana sehemu yao. Mwenye nyaya asitafune muwa, mahindi ya kuchoma, barafu wala karanga ngumu, kwa maana kishikizo kikibanduka safari ya kwenda Mombasa huongezeka. Na embe, ndugu zangu wa Tana River, likatwe vipande na kisu. Ukilinyonya kokwa, nyuzi zake zitajifunga katika waya utumie jioni nzima kuzitoa. Mswaki baada ya kila mlo ni lazima, bila ya kukumbushwa.

Je, ni lazima?

Si kila jino lililopinda linahitaji daktari bingwa. Sisi watu wa pwani tuna mwanya, ule uwazi baina ya meno mawili ya mbele, na tangu jadi msichana mwenye mwanya husifiwa. Hakuna haja ya kuuza shamba ili kuuziba. Jino lililogeuka kidogo, ikiwa linasafishika na halimsumbui mwenyewe, si ugonjwa.

Lakini kuna hali ambazo si za urembo. Meno ya mbele yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka, kama alivyovunjika binti yetu. Meno ya chini yanayouma kaakaa hutia kidonda. Taya likifunga upande, huweza kukua likiwa limepinda. Chonge lililofichika ndani ya mfupa huweza kula mizizi ya meno jirani. Hayo yanastahili kuangaliwa.

Samaki mkunje angali mbichi

Habari njema ni kwamba sehemu ya matatizo haya huzuilika kwa senti chache, ukiwahi. Wazazi wengi husema meno ya utoto hayana haja ya kutunzwa kwa kuwa yatang'oka tu. Hilo ni kosa. Meno hayo 20 ndiyo yanayoshikilia nafasi za yale yatakayofuata. Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Yakioza na kung'olewa akiwa na miaka 6, gego la nyuma husogea mbele na kuinyang'anya nafasi ile, na jino la ukubwani linapokuja hukuta nyumba imekwisha kupangishwa. Hapo ndipo msongamano huanza.

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa, bila ya jino lolote kung'oka. Kwa sababu hiyo mama wengi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze. Litazame usiku wa leo kinywani mwa mwanao.

Mtoto anayenyonya kidole mpaka anapoanza shule husukuma meno ya juu nje, basi asaidiwe kuacha kwa upole, bila ya kiboko. Na ile desturi ya sehemu kadhaa za Afrika Mashariki ya kuchimba ufizi wa mtoto mchanga mwenye kuhara ili kutoa yale yaitwayo meno ya plastiki, ikomeshwe. Kinachotolewa pale ni mbegu ya jino la kweli, na jeraha lake huweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Wako watoto waliopoteza maisha kwa uambukizo.

Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, peremende zipunguzwe, na mtoto atazamwe na mtu wa afya ya kinywa anapofika miaka 7. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu tumekwisha kuiona bei yake.

Ukiamua kulipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa shilingi, mwombe daktari akuandikie bei nzima. Je, imejumlisha eksirei, kila safari ya kukaza, kishikizo kitakachobanduka, na kishikilia meno cha mwisho? Inaweza kulipwa kidogo kidogo kila mwezi? Mtoto akihamia mji mwingine itakuwaje? Uliza pia hospitali za kufundishia, ambako wanafunzi wa ubingwa hufanya kazi chini ya walimu wao, na malipo aghalabu huwa nafuu. Hakikisha jina la daktari liko katika orodha ya baraza la madaktari na madaktari wa meno. Anayekupa bei ya nusu na kukuahidi miezi mitatu, mkimbie. Wajua tulivyoona, mfupa hauna miezi mitatu.

Kaka nilimpigia simu nikamsomea haya yote. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nikihesabu waya, wenzangu wakihesabu miezi."

Wameamua hivi. Hawataanza mwaka huu. Daktari amesema kusubiri kidogo hakutamdhuru binti, maadamu lile jino lililovunjika limezibwa, na tayari limezibwa. Fedha za maembe zitawekwa kando msimu huu na ujao, ada ya shule isiguswe. Atakapoanza kidato kipya atakuja kukaa kwangu Mombasa na kusoma huku, ili kilomita zile 9,200 ziwe safari ya matatu tu. Na wiki hiyo hiyo baba alimpeleka mdogo wake wa miaka 7 katika hospitali ya serikali iliyo karibu, kutazamwa lile gego la nyuma. Lilikuwa na tundu dogo.

Binti mwenyewe alichukua simu mwishoni. Aliniuliza, "Shangazi, kwako kuna kioo kikubwa?" Nikamwambia kipo. Akacheka, na safari hii sikuweza kujua kama alifunika mdomo.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, kwaherini.